Lisikilize kosa kabla hujalifuta: nomino za Kiingereza na mtoto wa Kiswahili

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi mbele ya walimu wa Kiingereza wa shule za msingi na sekondari za kata yetu, hapa Morogoro, pamoja na wazazi wachache. Kuna waliokuwa na misiba na kuna waliokuwa wakisahihisha mitihani, wakaniomba maandishi. Naiweka yote kama nilivyoizungumza. Niliyoandika ubaoni nimeyataja kwa maneno.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Wazazi mliokuja, karibuni sana, kwa sababu mengi nitakayosema yanaanzia nyumbani kwenu, kwenye lugha mliyowapa watoto kabla sisi walimu hatujawaona.

Nianze na sentensi moja. Iliandikwa na kijana wa kidato cha pili katika insha kuhusu familia yake: "My father loves her mother very much." Alitaka kusema kwamba baba yake anampenda sana mama yake, yaani bibi mzaa baba. Nikashika kalamu nyekundu, nikakata "her", nikaandika "his" juu yake. Mistari miwili chini nikakuta: "My brother went to see her wife." Nikakata. Ukurasa wa pili: "My aunt came with his son." Nikakata mara ya tatu, na pembeni nikaandika neno ambalo walimu wote mnalijua: "Careless."

Nimefundisha zaidi ya miaka ishirini na tano, na makosa kama hayo nimeyakata hadi nimepoteza hesabu. Siku ile nilimwita yule kijana. Badala ya kumkaripia nikamuuliza: "Mwanangu, hapa umeandika 'her' kwa nini?" Akajibu bila kusita: "Mwalimu, si mama ni mwanamke?" Na hapa kwenye "his son" je? "Mtoto wa shangazi ni wa kiume, mwalimu."

Mmesikia, walimu wenzangu? Kijana hakuwa mzembe. Kijana alikuwa na kanuni, na aliifuata mara tatu mfululizo bila kuteleza. Kanuni yenyewe ni ya Kiswahili. Sisi tunasema mama yake, kitabu chake, vitabu vyake, shamba lake, mtoto wake. Ile silabi ya mwanzo, ya, cha, vya, la, wa, inafuata nini? Inafuata kitu kinachomilikiwa. Mwenye mali awe mwanamume, awe mwanamke, kwetu ni -ake tu. Kijana alipokutana na "his" na "her" akaona hapa pana maneno mawili na lazima achague moja, akachagua kwa namna aliyoizoea tangu ananyonya: akatazama kinachomilikiwa. Mama ni wa kike, akaandika "her". Mtoto ni wa kiume, akaandika "his".

Na kama kijana huyo angekuwa Bukavu au Bujumbura anajifunza Kifaransa, angepata vema. Mfaransa husema "sa mère" kwa mama wa Juma, na husema "sa mère" hiyohiyo kwa mama wa Asha, kwa sababu "sa" inafuata mama, haimfuati mwenye mama. Kwa hiyo kanuni ya kijana ni kanuni halali ya lugha za watu. Kiingereza ndicho hakiitumii. Kiingereza kinamtazama mwenye mali: ni Juma, "his", ni Asha, "her", na kinachomilikiwa kiwe mama, baiskeli au mbuzi, hakibadilishi chochote.

Nilimweleza hayo kwa Kiswahili, dakika tano hazikufika. Akachukua daftari lake, akakaa pale pale ofisini, akasahihisha insha nzima mwenyewe. Nami nilikuwa nimemwandikia "careless" tangu kidato cha kwanza. Hilo liliniuma, na bado linaniuma, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Ninachowaomba ni hiki: Kiswahili kisifukuzwe kwenye kipindi cha Kiingereza. Najua mageti yetu yameandikwa "Speak English only". Najua kuna shule ambako mtoto akisikika anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Mimi mwenyewe nilikivaa nikiwa mwanafunzi. Lakini fikirini. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma hesabu kwa Kiswahili, amesoma sayansi kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na kila kitabu kimegeuka Kiingereza. Alichonacho mkononi ni Kiswahili chake. Tukimnyang'anya hicho, ajengee juu ya nini?

Leo nitazungumzia nomino peke yake: namna ya kuitambua, wingi wake, na umilikaji wake. Ni mambo ya darasa la tatu, mtasema. Ndiyo, ya darasa la tatu, na bado tunayakuta kwenye karatasi za kidato cha nne.

Tuanze na kuitambua. Tunawaambia watoto kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu. Wanakariri, wanaimba. Kisha unawapa sentensi hii wapigie nomino mistari: "The cook will cook rice on the new cooker." Mtoto mmoja aliniletea daftari lenye mstari chini ya "cook" zote mbili. Mwingine hakupigia hata moja, akaniambia, "Mwalimu, 'cook' ni kupika, ni kitenzi." Kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Kwa Kiswahili nomino huvaa sare. Chukueni pika. Mpishi, upishi, mapishi: ukisikia tu silabi ya kwanza umeshajua ni mtu, ni kazi au ni vyakula. Kisha nomino ya Kiswahili inatawala sentensi nzima. "Kiti kile kizuri kimevunjika." Ki, ki, ki, ki, kila neno linamtii kiti. Mtoto aliyekulia kwenye lugha hiyo anakwenda kwenye Kiingereza anaitafuta sare, na sare haipo. "Cook" ni mpishi, na "cook" ni kupika. "Water" ni maji, na ukiamka asubuhi uka-"water" bustani, umemwagilia. "Book" ni kitabu, na ku-"book" kiti cha basi ni kuweka nafasi. Hata herufi moja haikubadilika.

Basi tumwambie nini? Tumwambie asilikodolee macho neno, awatazame majirani zake. Likitanguliwa na "the", "a", "my", "this", "two", ujue hiyo ni nomino, au nomino iko hatua moja mbele na katikati kuna kivumishi, kama "new" kwenye "the new cooker". Likitanguliwa na "will" au "can", hicho ni kitenzi. "The cook", nomino. "Will cook", kitenzi. Na hili mtoto wa Kiswahili analiweza, kwa sababu kwake pia majirani ndio wanaosema ukweli: kalamu hii, kalamu hizi. Neno kalamu lenyewe halijasema kitu.

Kabla sijaiacha sentensi hiyo, tuitazame "cooker". Watoto wetu huandika "My mother is a good cooker." Wamekosea, lakini wamekosea kwa akili. "Drive" imezaa "driver", "teach" imezaa "teacher", "farm" imezaa "farmer", kwa nini "cook" isizae "cooker"? Imezaa kweli, ila aliyezaliwa ni jiko. Mtoto ameandika kwamba mama yake ni jiko zuri. (Ukumbi ulicheka hapa, maana kwetu mtu akioa tunasema amepata jiko.) Ukimkata kwa kalamu nyekundu tu hajui alipokosea. Ukimwambia "kanuni yako ni sahihi, ila neno hili moja limekataa, mpishi anaitwa 'cook'", hatalisahau.

Sasa wingi. Naomba tufanye jaribio dogo. Nina kilubo kimoja mkononi. Nimeongeza kingine. Sasa nina nini?

(Ukumbi mzima ulijibu: "Vilubo viwili!")

Kilubo ni kitu gani? Hakuna anayejua, nimelitunga jana usiku. Hamjalisikia tangu mzaliwe, na wingi wake mmeutoa kwa sauti moja. Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, alichapisha jaribio la namna hiyo alilowafanyia watoto wa miaka minne hadi saba. Aliwachorea kiumbe kama ndege, akakiita "wug". Akawaonyesha wawili, akaanza sentensi akaiacha wazi: hapa kuna "two…" Watoto wakamalizia: "wugs". Neno halikuwepo duniani, kwa hiyo hakuna mama aliyekuwa amewafundisha. Walikuwa na kanuni hai vichwani mwao, kama ninyi na kilubo chenu.

Lakini kuna jambo jingine katika jaribio lile ambalo walimu tunapaswa kulijua. Watoto wale, asilimia 91 walijua kwamba "glass" nyingi ni "glasses". Alipowapa neno la kubuni linalolia vilevile, "tass", waliosema "tasses" walikuwa asilimia 36 tu. Watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza, wananyonya Kiingereza, wanaota kwa Kiingereza! Ile silabi ya ziada ya mwisho iliwashinda wengi wao. Je, sisi tunamchapaje mtoto wa Mvomero anayeandika "two bus"?

Sikio la mtoto wetu limezoea kusikilizia mlangoni. Kiswahili kinatangaza wingi mwanzoni mwa neno: watu, viti, miti, mawe. Ukishafungua mdomo habari imeshatoka. Kiingereza kinaweka habari hiyo mkiani, tena kwa konsonanti, na silabi zetu huishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti ya mwisho hatukuzoea kuipa kazi. Tena ile "s" moja ya kuandika ina milio mitatu. Semeni pamoja nami: "books", hapo ni s kweli. "Dogs", hapo ni z. "Buses", hapo ni iz. Mtoto asiyeusikia mlio wa mwisho ataandikaje herufi yake?

Tena kuna zile nomino zetu zisizobadilika. Kalamu moja, kalamu tatu. Nyumba moja, nyumba tatu. Ndizi, meza, simu, saa. Anayeandika "three pen" amefanya kama anavyofanya kila siku kwenye kalamu: amemwachia "three" kazi ya kuhesabu.

Dawa ninayoitumia mimi haina gharama. Kabla ya kuandika chochote, dakika tano za masikio. Nikisema "cat" watoto wanakaa. Nikisema "cats" wanasimama. "Dog", "dogs", "bus", "buses". Wanaosimama kwa kumtazama jirani unawaona, na hao ndio wa kukaa karibu nao. Usiharakishe kwenye daftari. Sikio kwanza.

Maneno yasiyofuata kanuni tunayafundisha kama adhabu. Orodha ubaoni, kariri kesho ujibu: "foot, feet, tooth, teeth, goose, geese, mouse, mice, man, men." Mtoto akiuliza kwa nini, tunasema ndivyo kilivyo Kiingereza. Leo naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye jino, kwa sababu jino linanifurahisha sana.

Kiswahili: jino, meno. Kwa nini si majino? Kwa sababu shina ni -ino. Umoja ni ji- na -ino, tukapata jino. Wingi ni ma- na -ino, a na i zikakutana zikayeyuka zikawa e, tukapata meno. Sasa "tooth". Zamani sana, kabla Kiingereza hakijaanza kuandikwa, wingi wa neno hilo ulikuwa na i kwenye silabi ya mwisho. Wasemaji wakawa wanaiandaa midomo kwa ajili ya ile i kabla hawajaifikia, na irabu ya katikati ikavutwa kutoka o kuelekea e. Baadaye i ya mwisho ikafa. Irabu iliyovutwa ikabaki palepale, "teeth", kama kovu la jeraha lililopona. Jino na meno, "tooth" na "teeth": kitu kilekile kinywani, na katika lugha zote mbili i ndiyo iliyofanya kazi. Nilipowaonyesha watoto wa kidato cha kwanza jambo hilo ubaoni, mmoja akanyoosha mkono akasema, "Kwa hiyo mwalimu, na wao wana jicho na macho." Huyo hakuhitaji kuikariri ile orodha kwa kuogopa. Alikuwa ameanza kuipenda.

"Children" nayo ina hadithi yake. Neno lilikuwa na wingi wa zamani ulioishia kwa r. Watu wakasahau kwamba huo ni wingi tayari, wakaongeza "en", ile tunayoiona kwenye "oxen". Ni wingi juu ya wingi. Kwa hiyo mtoto wako akiandika "childrens", amefanya kwa mara ya tatu walichofanya wenye lugha mara ya pili. Msahihishe, lakini usimdharau.

Tena lugha zote zinafanya hivi zikipokea nomino ngeni. Sisi tulisikia "keep left" tukaona ki- mwanzoni, tukaanza kusema kipilefti na vipilefti, na leo dereva yeyote atakuelekeza upite kipilefti cha pili. Tulisikia "mudguard" tukapata madigadi, na kwa kuwa tuliona ma-, likipotea moja tunatafuta digadi. Kitabu kilitoka kwa Waarabu, na ile ki- kwao si kiambishi hata kidogo. Sisi tukapata vitabu. Nao wakaao kwenye Kiingereza wanatulipa: magazeti ya Kiingereza ya Nairobi yanaandika "matatus" na "shambas" kila siku.

Wazazi, hapa pana hadithi yenu. Jirani yangu mmoja mwanawe alichaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Fomu ya kujiunga ilikuwa ya Kiingereza, na ilidai, pamoja na ndoo, jembe na godoro, "2 pairs of trousers". Mzee akauliza mtaani "pair" ni nini, akaambiwa ni jozi, kama jozi ya viatu, vitu viwili. Akapiga hesabu: jozi mbili, suruali nne. Akaenda kwa fundi, akashonesha suruali nne za kijivu, na hela ya sare ikawa imekwisha kabla hajanunua mashati. Nilimkuta ameishika ile fomu, amekaa kibarazani, ananiambia shule hii ni ya matajiri.

Tatizo liko wapi? Kwetu suruali ni moja. Mkasi ni mmoja. Miwani ni kitu kimoja, imevunjika. Kwa Mwingereza vitu hivi vina miguu miwili, makali mawili, vioo viwili, kwa hiyo ni vya wingi daima: "trousers", "scissors", "glasses", na ukitaka kuvihesabu unasema "pair". "A pair of trousers" ni suruali moja. Ndiyo maana watoto wetu, na watu wazima wetu, huandika "a trouser". Wametafsiri suruali moja neno kwa neno.

Na kuna upande wa pili. Nywele zetu ni nyingi: nywele zako nzuri. Mwingereza nywele zote za kichwa anaziona kitu kimoja, "your hair is beautiful". Anayesema "your hairs are beautiful" amehesabu unywele mmoja mmoja. Taarifa kwetu zinahesabika, taarifa tatu zimefika, ndiyo maana tunaandika "informations". Hapo msitoe orodha ya vitu visivyohesabika tu mkaiacha ikining'inia. Anzeni na ushauri. Kwa Kiswahili kuna mtu anayesema shauri zangu tatu akimaanisha ushauri mwingi? Hakuna. Tunasema ushauri mwingi. Uji mwingi, unga mwingi. Mtoto anazo tayari nomino zisizopenda kuhesabiwa. Mwambieni "advice" ni kama ushauri, kisha mwambieni "information", "furniture" na "luggage" zimekaa benchi moja na "advice". Atakuwa na mahali pa kuziweka.

Namalizia na umilikaji, nilikoanzia. His na her tumeshaziona. Imebaki ile alama ndogo, ritifaa.

Mtoto wetu anaijua ritifaa tangu darasa la kwanza. Anaijua wapi? Kwenye ng'ombe! Ng'ombe, ng'oa, ng'ambo. Kwake ritifaa ni sauti: ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe. Sasa anaiona kwenye "Asha's book" na anatafuta sauti yake, haipati. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye Kiingereza alama hiyo ina kazi nyingine kabisa. Zamani Kiingereza kilionyesha mwenye mali kwa silabi "-es" mkiani. Irabu yake ikadondoka kwenye matamshi, na kuanzia karne ya 16 waandishi wakaanza kutumia ritifaa kuonyesha mahali herufi ilipoachwa. Baadaye ikageuka alama ya umilikaji. Kwa hiyo ni kaburi la irabu.

Kosa ninalokutana nalo sana ni "the book's teacher" kwa kitabu cha mwalimu. Mtoto ameanza na kitabu, kwa sababu sisi tunaanza na kitabu, na alama ameitundika kwenye kitabu, kwa sababu cha yetu inakifuata kitabu. Kitabu cha mwalimu, vitabu vya mwalimu, shamba la mwalimu. Kiingereza kimepindua: mwenye mali anatangulia, na ndiye anayebeba alama. Mimi huwaambia wajiulize "cha nani?" Jibu ni mwalimu? Basi yeye aandikwe kwanza na yeye abebe: "the teacher's book". Vikiwa vitabu kumi, "the teacher's books", alama haigusiki. Mzungu anayejifunza Kiswahili lazima ahangaike na cha, vya, la, ya, za, pa, mwa. Mtoto wetu hapa ana alama moja tu. Waambieni, wafurahi kidogo.

Kisha lipo suala la wenye mali wengi. Mwandike kwanza mwenye mali kama alivyo, mmoja au wengi, umkamilishe. Kisha weka ritifaa. Akiwa tayari na "s" ya wingi, imetosha: "the boys' room". Asipokuwa nayo, ongeza: "the boy's room", "the children's room", "the women's room". Msiwape kanuni nne. Hiyo moja inatosha.

Na alama hiyo si pambo. Fikirini karatasi ya mirathi imeandikwa kwa Kiingereza. "My brother's house" ni nyumba ya kaka yangu. "My brothers' house" ni nyumba ya kaka zangu. Ukizisoma kwa sauti hazina tofauti yoyote. Sikio halisaidii, ni ile nukta yenye mkia ndiyo inayosema nyumba ni ya mmoja au ya watatu. Kiswahili hilo hakiliachi gizani, yangu na zangu zinasikika. Kwa hiyo anzeni kwa Kiswahili: kaka yangu au kaka zangu? Akishajibu, ndipo ashike kalamu.

Kwenye "its" sisemi mengi. "His" haina ritifaa, "her" haina, "our" haina, basi na "its" haina. Yenye ritifaa ni "it is" iliyofupishwa.

Na pale wenye lugha wenyewe wasipokubaliana, tusiwaumize watoto. Vijana wa mpira, uwanja wa Newcastle United unaitwaje?

("St James' Park!")

Unaandikwa James, ritifaa, basi. London kuna bustani yenye jina hilohilo, inaandikwa St James's Park, ritifaa na s nyingine. Hapohapo London kwenye treni za chini ya ardhi kuna kituo cha Earl's Court chenye ritifaa, na jirani yake Barons Court haina. Mwaka 2001 mwandishi wa habari mstaafu, John Richards, alianzisha chama cha kuitetea alama hii huko Uingereza, na mwaka 2019, akiwa na miaka 96, akatangaza kukifunga, kwa sababu watu hawakujali tena. Mtoto wa kidato cha kwanza akiandika "James' book" na mwenzake "James's book", wote wape vema.

Walimu wenzangu, pale mezani karibu na mlango nimeweka madaftari kumi na mawili. Majina nimeyafunika kwa karatasi. Yamejaa mistari myekundu, mingine ni yangu. Kaeni wawili wawili, chukueni daftari moja, na kwa kila nomino iliyokatwa andikeni pembeni, kwa penseli, sentensi ya Kiswahili ambayo mtoto alikuwa nayo kichwani alipoandika. Tuna nusu saa kabla ya chai. Wazazi, nanyi mkae nao. Sentensi nyingine mtazitambua kabla yetu.